Kitabu cha Watu Wasioondoka

Fidelis alikuwa anatandaza turubai lake la bluu kando ya ukuta wa duka la vipuri vya baiskeli, nyuma kidogo ya soko kuu la Morogoro. Vitabu vya shule aliviweka mbele, kwa kuwa ndivyo vilivyoleta ugali. Vya dini vilifuata, vya Wakristo na vya Waislamu bega kwa bega, maana nafasi ilikuwa ndogo. Vya mapenzi aliviweka pembeni, watu wavichukue bila kutazamwa. Na pale karibu kabisa na kigoda chake, mahali ambapo mteja lazima ainame mbele yake ndipo avifikie, alipanga riwaya za dunia kuisha.

Hizo alizisoma zote mwenyewe kabla ya kuziuza. Aliacha shule darasa la sita, akabeba mizigo, akachoma mkaa, akalinda maghala, na kwenye maghala ndipo alipoanza kusoma. Hakupenda hadithi za wafalme wala za wapelelezi. Alipenda za watu waliobaki.

"Ukikuta kinaanza na daktari ndani ya maabara, kirudishe," aliwaambia wateja. "Huyo anataka kukueleza dunia iliishaje. Achana naye. Kitabu kizuri kinakuambia kesho yake watu walikunywa nini."

Jumatano hiyo, kabla hajamaliza kupanga, alifika mdogo wake Felista. Felista alilima kabichi na karoti Mgozo, kijiji kidogo kwenye mteremko wa Uluguru, juu ya Mlali, na kwa kawaida alishuka mjini Jumamosi. Mabegani alikuwa na majivu. Juu ya kichwa chake kilining'inia kipande cha giza chenye upana wa mwamvuli, nacho kilisogea kila aliposogea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo siyo Jumamosi. Kulikoni?"

"Dunia imeisha."

"Lini?"

"Jana asubuhi. Nilikuwa napalilia."

"Yote?"

"Kwetu tu. Mlali jua lipo. Nimepita pale, wanaanika mahindi."

Shamimu, aliyeuza chai na mihogo ya kukaanga hatua chache kutoka pale, alisikia. Aligeuza mihogo yake, akasema, "Pole, dada. Kuna aliyekufa?"

"Bado."

"Basi sogea huku kidogo, hicho kivuli chako kinapotea bure. Hili jua litaniua."

Felista alisogea. Shamimu akampa chai.

"Nimekuja unichagulie kitabu," Felista alisema. "Wewe si ndiye unayejua haya mambo? Kila Krismasi unatuchosha na watu wako wa vitabuni wanaokula vya makopo. Haya, sasa wamefika. Wanakula nini, wanalala wapi, wanafanya nini asubuhi kusipokucha?"

Fidelis aliona ombi hilo ni la haki. Alichukua muda. Alimpa *Kopo la Mwisho*, akamweleza kwamba mwandishi ana maneno mengi lakini anajua njaa. Akaongeza *Reli ya Majivu*, inayohusu watu wanaofuata njia ya treni kwenda pwani. "Hiki ruka sura ya nne," alisema, "kuna hotuba." Felista aliviweka kwenye tenga, akafunika kwa kanga, akamaliza chai yake na kupanda kurudi.

Jumamosi alivirudisha vyote viwili. Vilikuwa vimesomwa kweli. Kila ukurasa ulikuwa na alama ya kidole chenye masizi.

"Havifai," alisema.

"*Reli* haifai? Watu wananiomba hicho kwa magoti."

"Wanaondoka, kaka. Sura ya pili tu, wameshafunga mizigo. Na hawa wa makopo nao, wanaondoka. Nataka kitabu ambacho watu hawaondoki."

Fidelis alimpa *Kisu na Kamba*. Jumamosi iliyofuata alikirudisha: watu waliondoka. Alimpa kimoja cha Kiingereza alichokuwa amekisoma mwaka mzima akiwa na kamusi gotini, akamsimulia mwenyewe pale pale, mwanzo hadi mwisho. Alipofika mahali mzee na mjukuu wanapotazama nyumba yao mara ya mwisho, Felista alinyanyua mkono kama anayesimamisha basi.

"Basi, inatosha. Hao nao wameshatoka."

"Sasa unataka wakae wafanye nini?"

"Ndicho nilichokuja kukuuliza."

Fidelis alifunga turubai mapema siku hiyo, wakapanda pamoja. Vijana wa bodaboda wa Mlali walikuwa wameshazoea. Waliuliza, "Unaishia hapa chini au unafika mwisho wa dunia?" na nauli ya mwisho wa dunia ilikuwa juu kidogo kwa sababu majivu yaliharibu mnyororo.

Mpaka ulikuwa kwenye mgomba. Upande wa chini majani yake yalikuwa ya kijani na yalitikisika; upande wa juu yalikuwa ya kijivu na yametulia tuli. Kijana wa pikipiki aliwasha taa, akapita bila kupunguza mwendo. Ng'ambo ya pale anga lilikuwa na rangi ya kitako cha sufuria. Majivu yalidondoka polepole, laini, yenye uvuguvugu. Majogoo walikaa kimya kwa kuwa hawakuwa na la kutangaza. Redio za Mgozo zilitoa sauti moja tu, kama mtu anayemimina mchele kwenye ungo, na wazee kadhaa walikuwa wakiisikiliza.

Leonard, mume wa Felista, alikuwa amekaa mlangoni akiwa amevaa fulana mpya ya bluu yenye picha ya tone la maji kifuani.

"Karibu, shemeji. Angalia usikanyage kuku, hawaonekani."

"Asante. Leonard, hiyo fulana umeitoa wapi?"

"Kwenye mkutano."

"Mkutano gani?"

"Wa chemchemi. Watu wa kampuni ya maji walikuja, wakatupikia wali na nyama. Kisha wakauliza, wenye nyumba wako wapi? Tukanyoosha mikono. Wakauliza, mnakubali? Tukasema tunakubali."

"Nani walionyoosha?"

"Sisi wanaume. Nyumba tumejenga sisi, shemeji. Unajua mwenyewe nilivyohangaika na haya mabati."

"Na ardhi?"

Leonard alifikiri kwa uaminifu.

"Ardhi hawakuuliza."

Fidelis alikaa chini kwenye majivu. Ulikuwa mchana kweupe ambao haukuwa mweupe. Kwa Waluguru ardhi hufuata mama. Mgozo yote, kuanzia mgomba ule mpaka ukingoni juu ya mteremko, ilikuwa ya wanawake wa ukoo mmoja, na waume zao walikuja na jembe na mkeka, wakapewa pa kulima. Likija jambo la ardhi, anayesimama kuwasemea wanawake ni kaka yao, mjomba wa watoto. Mjomba huyo, tangu kaka yao mkubwa azikwe, alikuwa Fidelis. Aliishi Morogoro mjini. Alikuwa na simu, na simu ilikuwa na chaji.

"Hakuna aliyesema aitwe mjomba?" aliuliza.

"Nilisema mimi," Felista alijibu kutoka jikoni. "Nilikuwa kwenye masufuria, nageuza wali. Nikapiga kelele. Wakasema akina mama wataletewa semina yao."

Walikwenda kuiona chemchemi. Ilikuwa imefunikwa kwa zege, na juu ya zege kulikuwa na mfuniko wa chuma wenye kufuli. Bomba lilitoka ubavuni na kushuka bondeni kwenda kiwandani. Walilimwaga zege Jumamosi. Jumanne asubuhi lilipokauka, dunia ikaisha. Hakuna mtu wa Mgozo aliyehitaji kuelezwa zaidi.

"Shukeni mkae kwangu," Fidelis alisema. "Vyumba viwili, tutabanana."

"Hatushuki."

"Felista, hata jua hamna."

"Kaka, sikiliza. Yule bwana wa kampuni alisema kwa mdomo wake: kijiji kikibaki kitupu, mteremko wote utahesabiwa pori. Pori halina mwenyewe. Mama yuko pale," alionyesha kwa kidevu upande wa makaburi, "na mama yake yuko pale, na bibi wa mama sijui yuko wapi lakini hajatoka humu. Mimi nitoke kwa sababu ya giza? Nitafutie kitabu."

Kwanza walikwenda ofisi ya wilaya, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Afisa aliwapokea vizuri, akawapa viti. Alisema kwamba maafa anayoruhusiwa kuyashughulikia ni mafuriko, ukame, moto, tembo na nzige.

"Hili ni dunia kuisha," Fidelis alisema.

"Nimekuelewa, mzee. Sasa tuseme ni ukame?"

"Mvua inanyesha."

"Ya maji?"

"Ya majivu."

"Basi hilo liko karibu na moto." Alitazama dirishani, ambako jua lilikuwa kali. "Ila kwa moto nitahitaji kuona kilichoungua."

Kabichi za Mgozo hazikuungua. Zilikua, ila ndogo na za kijivu, na madalali waliendelea kupanda na tochi kuzinunua. Walizinunua kwa bei ya kutupa, wakisema wazi kwamba ni kabichi za dunia iliyoisha. Mjini ziliuzwa kama nyingine, na Shamimu mwenyewe alizipika bila kujua, akasema zina ladha.

Maji ndiyo yalikuwa yanakwisha. Yaliyobaki kwenye mapipa yaliota ngozi ya majivu, na watoto walianza kulamba midomo.

Fidelis alipindua rundo lote. Usiku na mchana kichwa chake kilipita kwenye riwaya zote alizowahi kusoma, akiuliza kila moja swali hilo hilo: nani alibaki? Alishtuka kuona ni wachache kiasi gani. Miaka yote hiyo alikuwa akiwapa watu vitabu vya kufunga mizigo, akiviita vya kuokoka. Kisha akaingia kazini kutandaza turubai, akakumbuka *Wanawake Saba wa Ukungu*. Kilikuwa kitabu chembamba, karatasi mbaya, jalada lenye picha ya kilima kilichochorwa na mtu ambaye hakuwahi kuona kilima. Wanawake saba hawaondoki. Kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho hawaondoki.

Alikuwa nacho kimoja tu, na alishakiuza. Aliyekinunua alikuwa Godlisten.

Godlisten alikuwa mteja wake bora. Kijana mhandisi, mpole, mwenye miwani, aliyekuja kila mwezi na kuinama mbele ya kigoda bila kuona taabu. Alikuwa anaamini uchaguzi wa Fidelis kama mgonjwa anavyoamini daktari. Alipopigiwa simu alikuja siku hiyo hiyo na kitabu kikiwa kimefungwa kwenye gazeti kisichafuke.

"Shikamoo, mzee wangu. Hiki umenipatia kweli. Nimekisoma mara mbili. Yule mama anayetega ukungu kwa kanga mpaka maji yanachuruzika kwenye mtungi, yule ni mhandisi kabisa."

"Marahaba. Nakihitaji nikiazime. Kuna watu dunia imewaishia."

"Wapi?"

"Mgozo."

"Aaa, Mgozo!" Uso wa Godlisten ulichangamka. "Napafahamu sana. Zege la pale nimesimamia mimi."

Alisema hivyo kama mtu anayesema amejenga kanisa. Fidelis alimtazama. Alikuwa amesoma juu ya watu wa namna hiyo katika vitabu visivyo na hesabu, na katika vitabu vyote walikuwa na kovu, au cheko la ajabu, au walikuwa mbali. Huyu alikuwa amemletea kitabu kwenye gazeti.

"Ulijua?" Fidelis aliuliza.

"Nini, mzee?"

"Kwamba dunia itaisha pale."

"Kwenye tathmini ilikuwepo. Huko nyuma, kwenye viambatisho. Athari ni ndogo, eneo ni dogo." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ile chemchemi, mzee, hujaona maji kama yale. Hayahitaji hata dawa. Mpe tu dada kitabu. Mwambie mwisho wake unatia moyo."

Shamimu, aliyekuwa amesikia yote, alimhudumia Godlisten mihogo yake ya siku zote, na kachumbari juu. Godlisten alipoondoka, Shamimu alimgeukia Fidelis.

"Kijana ana adabu," alisema. "Hata anavyoua anakuamkia kwanza."

Mgozo walikisoma kitabu kwa sauti, uani kwa Felista, kwa mwanga wa koroboi. Josephina, binti mkubwa wa Felista, ndiye aliyesoma, kwa kuwa sauti yake ilifika mbali. Wanawake walimkatiza kila walipoona jambo la kuzungumza. Walipofika kwenye kanga na ukungu walimwambia asome tena. Kisha bibi mmoja akasema kanga zinanyonya maji mno, kwa nini wasitumie vyandarua? Vyandarua vya mbu walikuwa navyo kila nyumba, vya msaada, na mbu hawakuwepo tena tangu dunia iishe.

Walivifunga kwenye miti juu ya ukingo, mahali ambapo ukungu wa Uluguru hupita kila asubuhi, na ambapo uliendelea kupita kama kawaida, kwa kuwa ukungu haukuwa umeambiwa chochote. Uligonga vyandarua. Matone yalijikusanya, yakashuka kwenye mianzi iliyopasuliwa, yakaingia kwenye madumu. Watoto walikunywa. Yalikuwa na ladha ya mvuke wa chungu kipya.

Felista aliposhuka Jumamosi alimletea kaka yake maji hayo kwenye chupa. Fidelis alikunywa mbele ya watu, akatoa machozi, akasingizia vumbi.

"Sasa hicho ni kitabu," Felista alisema. "Kina makosa. Yule wa tatu anaota mno kuhusu mume. Lakini hawaondoki."

Walipanda karoti upya. Walijifunza kumtambua mtu kwa mwendo wake gizani. Leonard alijenga kisima cha kukusanyia maji, akakijenga vizuri, akiwa na fulana yake. Ikaonekana kwamba watu wa Mgozo wangeishi baada ya mwisho wa dunia kama walivyoishi kabla, kwa taabu ile ile na vicheko vile vile, na Fidelis alilala usingizi.

Godlisten ndiye aliyekuja kuona. Alipanda mwenyewe siku yake ya mapumziko, na taa ya kichwani, akasimama chini ya vyandarua akiwa amefumbua mdomo kwa furaha.

"Ni kama kwenye kitabu!" alimwambia Felista. "Mama, mmefanya kabisa kama kwenye kitabu!"

Felista alimpa kikombe cha maji, kwa kuwa alikuwa mgeni. Godlisten alikunywa taratibu. Akaomba cha pili. Akauliza ukungu huja saa ngapi, na unatoka upande gani.

Muda si mrefu yule afisa wa ofisini, ambaye hakuwa na nafasi ya kupanda kuangalia dunia iliyoisha, alipanda kuangalia vyandarua. Alieleza kwa upole kwamba vyandarua vilitolewa kwa ajili ya malaria, na kuvitumia kwa kitu kingine ni kosa. Wakamwambia mbu hawapo. Akajibu kwamba kutokuwepo kwa mbu hakujathibitishwa. Vijana aliokuja nao wakavifungua vyote, wakavikunja vizuri, wakavipakia.

Kisha kampuni ikaitisha mkutano wa pili. Safari hii Felista alikuwa na simu mkononi kabla masufuria hayajafika, na Fidelis alikuwepo, amekaa mbele, amevaa koti. Wali ulipikwa. Nyama ilinukia. Godlisten alieleza, kwa lugha nzuri, kwamba kampuni ingependa kuweka neti zake za kisasa kwenye ukingo, neti zinazonasa ukungu mara nyingi zaidi, na kwamba fikra hiyo imetoka kwa wananchi wenyewe na kampuni inawashukuru. Mzee mmoja aliyeongoza mkutano akauliza, wenye nyumba wako wapi?

Fidelis akasimama.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mimi siyo msomaji wa hotuba na sitatoa hotuba. Hii ardhi siyo ya wenye nyumba. Ni ya hawa wanawake mliowapeleka jikoni. Hawa wanaume mnaowauliza ni wageni hapa, mmoja mmoja nawajua walikotoka, huyu Leonard katoka Mzumbe na godoro. Mimi ni mjomba. Mlipaswa kuniita mimi, na mimi ningewauliza hawa, na hawa wangekataa. Mmewachukulia maji, dunia ikaisha. Wakajikalia gizani, wakatengeneza maji kwa vyandarua. Sasa mnataka na ukungu. Nasema hapana. Wanawake, mnasema nini?"

"Hapana," walisema wanawake kutoka jikoni, wote kwa pamoja, na bibi yule wa vyandarua akapiga mwiko kwenye sufuria.

Majivu yalidondoka juu ya wali. Leonard alitazama chini, na Fidelis alidhani, kwa muda wa pumzi moja, kwamba jambo limekwisha.

Mwenyekiti wa mkutano akamshukuru. Alisema maoni ya mgeni kutoka mjini yamepokelewa. Watu wakampigia makofi, na yalikuwa makofi ya kweli, ya moyoni. Godlisten ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote. Kisha mwenyekiti akauliza tena, wenye nyumba wako wapi? Mikono ikanyanyuka. Mnakubali? Wakakubali. Fulana zikaanza kugawiwa, na binti wa kampuni aliyekuwa akigawa alifika kwa Fidelis, akampima mabega kwa macho, akamwekea mikononi moja ya saizi kubwa.

Fidelis alibaki ameishika. Aliwatazama wanaume wale wakivaa fulana mpya juu ya fulana za zamani, wakinyooshana kola, na hakuweza kufunga mdomo wake. Tangu dunia iishe Mgozo hakuwahi kushangaa hata mara moja. Sasa alikuwa kama mtu aliyegongwa na gari na bado yuko wima.

"Leonard," alisema hatimaye. "Kisima cha maji umekijenga wewe. Kwa mikono yako."

"Ndiyo, shemeji."

"Kitaingia nini?"

Leonard alivuta fulana ikae sawa tumboni. "Walisema watatuuzia ya chupa," alisema. "Kwa bei ya wenyeji."

Neti za kampuni zilifungwa, ndefu, za kijani, kutoka mti hadi mti. Ukungu ulifika mpaka pale na kuishia pale. Mjini zilitoka chupa mpya za maji zenye picha ya milima, na Shamimu aliziweka kwenye ndoo ya barafu kwa sababu wateja waliziulizia. Alimwomba Fidelis radhi kabla ya kuziweka. Fidelis alimwambia auze tu, watoto wake wanasoma.

Felista alishuka Jumamosi, na tenga lilikuwa na karoti chache.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mnakunywa nini?"

"Migomba. Tunakata, tunakamua. Kuna kingine?"

Fidelis aliinama kwenye vitabu vyake akavigusa kimoja kimoja. Alikuwa ameshavigawa mafungu mawili siku hizi, na fungu moja lilikuwa kubwa, na jingine lilikuwa na kitabu kimoja chenye alama za vidole vya masizi. Alichukua kwenye fungu kubwa.

"Chukua *Reli ya Majivu*," alisema. "Kisome tena. Wanafika, Felista. Mwishoni wale watu wanafika pwani, na kuna maji."

Felista hakukipokea. Alimtazama kaka yake bila hasira.

"Kisome wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyeondoka."

Alitua tenga, akamwachia karoti zile zile chache alizokuja nazo, akachukua *Wanawake Saba wa Ukungu*, akasema kuna mahali Josephina alisoma haraka, huenda walipitwa na kitu. Akashika njia ya Mlali. Fidelis alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya maduka.

Nyuma yake alikuwa amesimama mwanamke mwingine, akisubiri zamu kwa adabu. Kanga yake ilikuwa safi na uso wake ulikuwa umechomwa na jua. Alisema anaitwa Yustina, anatoka Kisosa, kijiji kinachofuata baada ya Mgozo ukipanda. Alisema wamewaona watu wa kampuni wakipima.

"Nimeambiwa wewe ndiye mwenye vitabu," alisema. "Kwetu wamesema mwisho ni Jumatatu."

Fidelis alikaa vizuri kwenye kigoda. Alimuuliza kama anataka cha watu wanaoondoka au cha watu wanaobaki. Cha wanaobaki kimetoka sasa hivi, lakini anakijua kwa kichwa na anaweza kumsimulia, kama ana muda.

"Muda ninao," Yustina alisema, akaketi ukingoni mwa turubai. "Nisimulie hicho. Na hicho cha kuondoka nifungie. Ni cha mume wangu."